Mgeni kasema "apocalyptic" nikamjibu Amina. Hili neno ni janga au ni Ufunuo? Wajuzi njooni

GaidiWaSakina

Wakuu salaam, poleni na baridi, huku Sakina toka asubuhi jua hatujaliona na Meru imejifunika mpaka miguuni.

Mimi ni dereva gaidi, yaani guide, gaidi wa watalii jamani sio yule mwingine, huo utani tumeshaucheka ukaisha. Kuna kitu kilinikuta safari iliyopita kimenikaa kichwani nikasema nikilete hapa, maana humu kuna waliosoma na kuna wanaojua tu bila kusoma, wote nawahitaji.

Tulikuwa tunatoka Tarangire kwenda Karatu, wageni wanne, wazee wazee. Tunakaribia Makuyuni mvua ikawa inakuja, na mnaijua ile nyika inavyokuwa mvua ikiwa inakuja. Kushoto wingu jeusi tii limeshuka mpaka linagusa ardhi, kulia vumbi limesimama kama ukuta, katikati pamebaki kamstari kembamba ka njano kama kaa la mwisho kwenye jiko, na ng'ombe wanakatiza barabara mbio wenyewe, mchungaji simwoni. Mama mmoja Mwingereza akasimama kwenye rufu akashika vyuma akasema taratibu kabisa, "It's apocalyptic".

Sasa hilo neno mimi nalijua wakuu. Babu yangu kule Kibosho alikuwa katekista, na alikuwa na Biblia moja ya Kiingereza ya Kikatoliki ya zamani, ngozi imechanika, aliachiwa na padre. Kwenye Biblia nyingi za Kiingereza kitabu cha mwisho kinaitwa Revelation, lakini ile ya babu imeandikwa The Apocalypse. Alinisomesha kwa kidole: Apocalypse, Ufunuo. Nina miaka tisa hapo. Kwa hiyo kichwani kwangu mama wa watu ameona maono. Nikapunguza mwendo, nikavua kofia, nikamwambia kwa heshima zote, "Amina mama, Mungu anasema nasi."

Kimya sekunde mbili halafu gari zima likaangua kicheko. Mume wake akaniegemea kwenye siti akanieleza kwa upole kwamba mke wake anamaanisha kunatisha, kama dunia inaisha vile. Niliona aibu, lakini na ubishi ukanipanda, mtu wa Kibosho humwambii neno la babu yake ni uongo ukaondoka salama.

Usiku Karatu tunakula madereva mezani kwetu, yule mama akaja na simu yake. Akasema nimeangalia, wewe ndo ulikuwa sahihi na sisi tuliokucheka ndo hatujui lugha yetu. Neno ni la Kigiriki, apo ni kuondoa, kalyptein ni kufunika. Kuondoa kilichofunika. Yaani kufunua, basi, kama unavyofunua sufuria uone wali umeiva au bado.

Nikalala na swali. Kufunua sufuria na dunia kuisha vimekutana wapi? Na wewe ukiambiwa utafsiri "apocalyptic" kwa Kiswahili kwenye habari ya mafuriko unaandika nini? Karibuni.

chalii_wa_mianzini

Nimecheka mpaka konda wa kifodi kaniuliza kama niko sawa. "Amina mama"!! Tipu ulipewa au ulipewa sadaka?

GaidiWaSakina

Tipu nilipewa chalii wangu, nono tu. Tuendelee na mada.

Mkarafuu

Mkuu nilipita chuo cha theolojia Makumira miaka ya nyuma nikasoma Kigiriki cha Agano Jipya, nimesahau mengi ila hili nalikumbuka vizuri sababu ndo neno la kwanza kabisa la kitabu chenyewe. Apokalypsis Iesou Christou. Fungua Biblia yako ya Kiswahili sura ya kwanza mstari wa kwanza, maneno ya kwanza ni "Ufunuo wa Yesu Kristo". Watafsiri wetu walichukua kitendo cha Kigiriki wakakitafutia kitendo cha Kiswahili kinachofanana naye kabisa. Tena sisi lugha yetu ina ujanja Mgiriki hana: yeye anapachika apo mbele ya neno ili kugeuza maana, sisi tunageuza mkiani. Funika, funua. Ficha, fichua. Fumba, fumbua. Ziba, zibua.

Na lilikuwa neno la nyumbani tu, halina utakatifu wowote. Kwenye Agano la Kale la Kigiriki, lile waliloliita la Sabini, Ruthu anapoambiwa aende usiku pale Boazi alipolala akafunue nguo miguuni pake, kitenzi ni hichohicho, apokalypto. Ni blanketi linainuliwa, hakuna tarumbeta wala nyota kuanguka. Na kwenye Walawi 18 pale wanapokatazwa "kufunua utupu" wa ndugu zao, ni hichohicho tena.

Sasa janga limeingilia wapi. Ukikisoma kitabu chenyewe baada ya jina lake zuri unakutana na mihuri, farasi wanne, tetemeko, jua jeusi, bahari kuwa damu, mabakuli ya ghadhabu. Msomaji wa kawaida akifunga kitabu anachokumbuka ni hayo, kufunuliwa hakumbuki. Ni kama sisi tunavyosema "kiwi" tukimaanisha dawa yoyote ya viatu, jina la kopo likawa jina la kilichomo. Jina la kitabu likahamia kwenye yaliyomo. Kwa Kiingereza hiki kivumishi kwa mamia ya miaka kilikuwa cha watu wa dini tu, "ya kitabu cha Ufunuo" au "ya kinabii". Hii habari ya kukitumia kwa moto, vita na foleni ya magari imekuja kukomaa karne ya 20, na baada ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, ndo kikakaa kabisa, maana watu walikuwa wanatafuta neno kubwa kuliko "kubwa" na likawepo hilo.

Kitu kingine, Ufunuo sio wa peke yake. Kulikuwa na maandishi mengi ya aina hiyo, nusu ya pili ya Danieli iko hivyo, na Kitabu cha Henoko, ambacho kizima chote kimesalia kwa Kigeezi tu, Ethiopia, wakakitunza waumini wa kule mpaka Mskoti James Bruce alipokirudisha Ulaya mwaka 1773. Wazungu walikuwa wamebaki na vipande.

mangi_wa_kiborloni

Haya yote ni mazuri ila mimi napinga. Asili ya neno ni historia, maana ya neno ni ile anayoitaka mtu leo. Daladala ilitokana na ile shilingi tano watu walikuwa wanaiita dala, sasa kesho panda daladala mpe konda shilingi tano umwambie asili ya neno inaniruhusu, urudi hapa utuambie ulishushwa wapi. Na nyie Arusha mnaita vifodi, nionyeshe Ford hata moja pale stendi, zote Hiace. Mgeni akisema apocalyptic anamaanisha kunatisha, wewe funga rufu kanyaga mafuta mwende, hamna haja ya Kigiriki.

GaidiWaSakina

Mangi ya kifodi umenipiga chini ya kitovu. Lakini mbona mtu akikuuliza kwa nini kinaitwa kifodi unafurahi kumwambia? Utamu wake upo palepale kwenye Ford isiyokuwepo.

Ustadh wa Majengo

Assalaam alaykum jamii. Mkarafuu amesema vizuri sana, ila amesahau kwamba na sisi tumeshafanya dhambi ileile ya Mwingereza, na hatujitambui.

Chukua neno kashfa. Leo ukisikia kashfa unajua mtu kala hela za umma au kafumaniwa. Asili yake Kiarabu ni kashf, nayo maana yake ni nini? Kufunua! Kuondoa pazia. Wenzetu wa tasawwuf, yaani masufi, wakisema kashf wanakusudia mja kuondolewa pazia akaona kwa moyo asiyoyaona kwa macho, ni daraja tukufu. Likavuka bahari likafika kwetu likawa kashfa na kukashifu, yaani limebaki kufunua lakini kwa kilichooza tu. Mwingereza kafunua akaona mwisho wa dunia, sisi tumefunua tukaona risiti feki.

Na la pili. Gaidi umeuliza utafsiri vipi. Mimi ningesema "kama kiama" na ninaona kila mtu angesema hivyo. Sasa kiama nacho nini? Kwa Kiarabu qiyama ni kusimama. Siku watu watakaposimama kutoka makaburini. Kwa mwenye imani ni siku ya hesabu, ndiyo, ina hofu yake, lakini ni siku ya kuinuka. Kiswahili cha mtaani kimechukua ile hofu kikaacha kuinuka: "jana sokoni palikuwa kiama", "mwenye nyumba akija leo ni kiama". Mzizi wake una watoto wengi humu kwetu na hawafanani. Kaimu, aliyesimama mahali pa mwenzie. Makamu, pahali pa kusimama. Takwimu. Hata kima, kile cha kima cha chini cha mshahara. Wote tumbo moja na kiama.

chalii_wa_mianzini

Kima cha chini na kiama kuwa ndugu hiyo sikuhitaji Kiarabu Ustadh, huwa nawaona pamoja kila tarehe 20.

mangi_wa_kiborloni

Hahahaa chalii umeua. Ustadh nimekupa heshima, ya kashfa sikuijua na nina miaka arobaini na kitu nalitumia.

Nesi_mstaafu

Wanangu hamjambo. Mmenikumbusha darasani. Hao Waingereza wana maneno mengi ya maafa na wameyaokota kwa Wagiriki kama mtu anayeokota kuni. Kuna "cataclysmic". Huyo baba yake ni kataklysmos, maji ya kufagia kila kitu, ndo neno walilotumia Wagiriki kwa gharika ya Nuhu. Gharika yetu nayo ni Kiarabu cha kuzama majini, kwa hiyo hapo tafsiri inakaa bila kuchongwa, ya kigharika. Lakini kitenzi chake klyzein ni kuosha tu, kusuuza, na kutoka hapohapo Kiingereza cha zamani kikapata clyster. Clyster ni nini? Ni enema. Ule mpira na maji ya sabuni. Kwa hiyo mtu akikuandikia cataclysmic ujue ana undugu na kazi niliyoifanya wodini miaka thelathini na mbili, na sikuwahi kuitwa kitaalamu hivyo hata siku moja.

GaidiWaSakina

Mama shikamoo! Chai imenitoka puani.

Nesi_mstaafu

Marahaba. Ukiona inatoka puani inama mbele, usiinue kichwa.

spana_17

Na "catastrophic" mimi naijua, ipo kwenye manyuali za mashine, pampu ikifa ghafla bila dalili wanaandika hivyo. Nimeangalia sasa hivi, kata ni chini, strephein ni kugeuza. Kupindua! Kumbe ni Coaster imelala mtaroni matairi juu. Na inasemekana kwa Wagiriki ilikuwa neno la maigizo, ile sehemu ya mwisho mambo yanapogeuka. Mimi naona ukitafsiri catastrophic kwa Kiswahili cha gereji ni "imepinduka", na fundi yeyote wa Kilombero atakuelewa.

bintRau

Na ya nyota je? "Disastrous". Dis ni baya, astro ni nyota, imepitia Kiitaliano na Kifaransa. Yaani jambo lililotokea kwa sababu nyota yako mbaya. Hii haihitaji hata tafsiri kwetu, tembea barabara ya kutoka stendi Moshi uone vibao kwenye nguzo za umeme, kusafisha nyota, kurudisha nyota iliyoibiwa, namba ya simu chini. Mwingereza anaandika ripoti ya serikali anasema uchaguzi ulikuwa disastrous hajui kama anaongea lugha ya kibao cha mganga.

Ustadh wa Majengo

Bint Rau, Mwalimu Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari ya Shakespeare alikutana na hoja hii ana kwa ana, pale Kasio anamwambia Bruto kwamba kosa haliko kwenye nyota zetu, liko ndani yetu wenyewe. Wenzetu wamelijadili hilo toka zamani. Ila kwenye vibao naona Kasio ameshindwa.

kiazi_mviringo

Samahani naingilia, hii apocalypse ndo ile apokrifa? Vile vitabu Wakatoliki wanavyo na sisi Walutheri hatunavyo?

Mkarafuu

Hapana ndugu, hayo watu wengi wanayachanganya, hata darasani kwetu mmoja alichanganya kwenye mtihani. Apokrifa inatoka kwa kryptein, kuficha, ndo mzizi wa hii kripto vijana wanayopoteza nayo hela. Apokrifa ni kilichofichwa, apokalipsi ni kilichofunuliwa. Karibu kinyume. Na hivyo vitabu Wakatoliki hawaviiti apokrifa, wanaviita deuterokanoni, na usiwaambie vingine ukiwa Kibosho.

GaidiWaSakina

Thibitisho.

Nyungu_na_limao

Wakuu nimesoma uzi wote nikiwa kimya lakini hapa kwenye kalyptein nimeshtuka. Mimi nauza miche. Mkaratusi jina lake la kitaalamu si ni Eucalyptus? Hilo kalyptus la mwisho sio huyuhuyu wa kufunika?

GaidiWaSakina

Ndo huyuhuyu mkuu na nilikuwa namsubiri mtu auone, asante. Yule mama alinigusia usiku ule nikadhani ananitania, nikaenda kuangalia mwenyewe. Eu ni vizuri, kalyptos ni kilichofunikwa. Mti uliofunikwa vizuri. Aliyeupa jina ni Mfaransa, Charles Louis L'Héritier, mwaka 1788, akitumia tawi kavu alilolichunguza London, lililoletwa kutoka Tasmania kwenye safari ya tatu ya Kapteni Cook. Huo mti hakuwahi kuuona umesimama. Alikuwa na tawi, basi.

Na kwa nini kufunikwa? Jumapili nilipanda Kibosho kumwona mama, mpakani na jirani kuna mikaratusi ilipandwa na babu kwa ajili ya mirunda. Tawi moja lilikuwa limeanguka na upepo lina vitumba. Chukua kitumba kimoja weka kiganjani. Ni kijani kilichofifia, kama ukubwa wa punje ya mahindi, chini kina umbo la kikombe na juu kimevaa kikofia kilichochongoka, na pale kikofia kinapokutana na kikombe kuna mstari mwembamba unauzunguka kama uzi. Weka ukucha kwenye ule mstari sukuma. Kinatoka! Tap, kikofia kizima kinaruka, na ndani zimekunjwa nyuzi nyeupe nyingi sana zimebanana zimeinamia katikati, zina unyevu, harufu unaijua ni ileile. Mti wenyewe ukiachwa unakivua kikofia peke yake, nyuzi zinanyooka, nyuki wanakuja. Petali za kawaida huoni, zile petali ndo zimeungana zikawa kofia.

Nimekaa pale chini nafungua vitumba kama mtoto mpaka mama akaniuliza umepoteza nini. Nikamwambia naangalia apokalipsi. Akasema mjini mnalishwa nini siku hizi.

Nyungu_na_limao

Duh. Basi ongezea na hii. 2020 kipindi cha korona sote tulikuwa tunajifukiza, mimi niliuza majani ya mkaratusi kuliko miche yote ya mwaka ule, majani na mchaichai na malimao, sufuria inachemka, unainama unajifunika blanketi zito mpaka jasho linachuruzika. Kwa hiyo tulikuwa tumejifunika blanketi, tunavuta mvuke wa mti unaoitwa umefunikwa vizuri, tukisubiri mtu aseme haya toka, funua. Na wazungu kwenye redio wanasema dunia iko apocalyptic.

chalii_wa_mianzini

Uzi ufungwe hapa. Huyu kamaliza.

mangi_wa_kiborloni

Usifungwe, kwanza hiyo mikaratusi inamaliza maji kwenye vyanzo, babu wa gaidi angepanda miparachichi tungekuwa tunaongea mengine.

GaidiWaSakina

Mangi mwache babu apumzike.

mzee_wa_mto_wa_mbu

Nawasoma tu vijana. Mimi nitasema la upande mwingine. Mwaka 2007 Oldonyo Lengai ulipoamka, mwezi wa saba ardhi ilikuwa inatikisika siku baada ya siku, mpaka Nairobi waliisikia, halafu mwezi wa tisa mlima ukaanza kurusha majivu. Nilikuwa Engaruka na mifugo. Jina lake lenyewe ni Mlima wa Mungu. Asubuhi moja majani yote yamekuwa meupe, mbuzi wanapiga chafya, jua limekuwa kama sarafu. Sikumsikia mtu hata mmoja akisema kiama. Walisema mlima umetapika, na wakahamisha ng'ombe. Waliosema maneno makubwa walikuwa wamekuja na kamera.

Mkarafuu

Shikamoo mzee. Hapo umegusa kitu ambacho hatujakizungumza.

spana_17

Naunga mkono mzee. Desemba 2023 lile poromoko la tope kutoka Mlima Hanang liliposhuka Katesh, tarehe 3, tulipakia nguo na magodoro kwenye kenta tukaenda siku chache baadaye. Nilikuwa nimeshasoma mtandaoni maneno ya kila aina, ya Kiingereza na ya kwetu. Kufika pale neno nililosikia ni moja. Tope. "Tope lilikuja saa fulani." "Tope limechukua." "Hapa palikuwa na duka, chini ya hili tope." Mama mmoja alikuwa anachimba kwa sufuria, sio jembe, sufuria, anachota anamwaga pembeni, nikamuuliza mama tunatafuta nini tusaidie, akasema mlango. Alikuwa anautafuta mlango wa nyumba yake ili ajue amesimama upande gani. Tulichimba naye mpaka tukaona juu ya fremu, bluu. Akasema haya, hii ndo jikoni, basi, akakaa.

bintRau

...

Nesi_mstaafu

Mungu awapumzishe wote.

mangi_wa_kiborloni

Spana umeninyamazisha. Narudi kidogo kwenye hoja yangu, nilisema maana ni anayoitaka mtu leo, na bado nasema hivyo, ila naona kuna maneno ya wanaotazama na kuna maneno ya walioko ndani. Apocalyptic, kiama, yote ni ya anayetazama kwa mbali, hata gaidi alivyoeleza lile wingu alikuwa ndani ya landkruza.

GaidiWaSakina

Kweli kabisa, na kioo kimefungwa. Mchungaji wa wale ng'ombe sijui yeye alisema nini.

Mkarafuu

Ila yule mama wa Katesh alichokuwa anafanya na sufuria ni apokalypto. Sisemi kwa mzaha. Ndo kitenzi chenyewe.

kiazi_mviringo

Sasa tafsiri ni ipi jamani, mimi nina kazi ya kutafsiri hapa nimekwama toka asubuhi, sentensi inasema "apocalyptic scenes" za moto wa msituni, mteja anataka saa kumi.

Ustadh wa Majengo

Andika "palikuwa kama kiama". Msomaji ataelewa, na mimi nitakusamehe.

mangi_wa_kiborloni

Au andika moto ulikuwa mkubwa kiasi gani, umechoma nini. Hilo neno liruke.

kiazi_mviringo

Mteja analipa kwa neno mangi, nikiliruka ananikata.

mangi_wa_kiborloni

Aaah basi weka kiama, weka na viwili.

Mkarafuu

Usiweke "ya kiufunuo" tu, utampata msomaji kama gaidi, atavua kofia.

GaidiWaSakina

Nimewasikia. Kwa taarifa yenu nimemwandikia yule mama kwa WhatsApp nikamweleza kashfa ya Ustadh na kima cha chini. Amejibu kwamba ameisoma mara tatu na amemsomea mumewe, na mumewe anauliza clyster ni kitu gani. Sijajibu. Mama nesi nakuachia.

Nesi_mstaafu

Mwambie aje Moshi nitamwonyesha.

bintRau

Nimerudi. Nimetoka mpaka kwenye ule mkaratusi karibu na daraja hapa Rau, nimekuta vitumba chungu nzima ila kikofia hakitoki, nimesukuma na ukucha mpaka ukucha umekatika. Nadhani bado vichanga. Nimefunga kitambaa kwenye tawi nisije nikausahau, nitapita tena mwisho wa mwezi.